Listi ya Jumanne

Mi sio mtu wa futi, ule mpira wa Kiaustralia. Naanza hapo kabisa maana kuna jamaa wananijua, wakisoma hii watacheka. Nimezaliwa Tanga, mzee wangu alikuwa Coastal Union damu damu, nimepelekwa Mkwakwani kabla sijajua kusoma, kwahiyo nilipofika Melbourne 2011 nikakuta watu wazima wanagombania mpira wenye umbo la papai, watu 36 uwanjani kwa mpigo, nguzo 4 kila upande, na ukikosa goli ukapitisha pembeni bado unapewa pointi 1 ya kufutia machozi, nikasema huu mchezo hapana, wacha wacheze wenyewe. Na jina lake sasa. Wanauita futi, kama ile ya kupimia mbao.

Kilichoniingiza ni goti langu.

Februari 2016, Jumapili jioni, tulikuwa tunacheza mpira wetu wa kawaida pale kwenye bustani, sisi wa Afrika Mashariki, Wabongo, Wakenya, Wakongo, na Warundi wawili ambao walikuwa wanatufunga kila wiki. Nikaufukuzia mpira, nikapiga breki na mguu wa kushoto ili nigeuke, mwili ukageuka goti likabaki. Nikasikia paa! Beki aliyekuwa nyuma yangu naye aliisikia, akaniuliza kaka umekanyaga kijiti? Nilikuwa nishalala chini.

Usiku ule nikapelekwa emajensi, wakapiga eksirei, mfupa mzima, nikapewa magongo na vidonge vya maumivu nikaambiwa ni mshtuko tu nenda kapumzike. Nikampigia mama Tanga. Mama akasema kanda na maji ya moto mwanangu, afu mkeo akusugue na mafuta ya nazi usiku na asubuhi, mishipa itarudi. Basi siku tatu nzima mke wangu ananisugua kwa nguvu zake zote, mi nauma mto, na goti linazidi kufura mpaka likawa kama nazi yenyewe. Simlaumu mama, ndo tulivyokuzwa, lakini leo najua siku za mwanzo goti likiwa linavuja damu ndani kwa ndani, joto na kusugua ni kulimwagia petroli. Wiki tano baadae ndo nikapigwa ile picha ya mashine kubwa, MRI, na jina likatoka: ACL imekatika. Ni kano fupi hivi katikati ya goti, kazi yake kuzuia mfupa wa chini usiteleze mbele na goti lisijizungushe hovyo. Ikikatika yote mara nyingi haijiungi yenyewe, hata usugue mpaka nazi za Pwani ziishe.

Nikawekwa kwenye foleni ya operesheni ya hospitali ya serikali. Foleni ndefu. Nitairudia.

Kazini nilikuwa kwenye ghala la vyakula upande wa magharibi ya jiji, kazi ya kupakia na kupakua, na mtu mwenye magongo hapakii kitu. Nilikuwa na bahati wakanihamishia ofisini kwa mama mmoja Mvietnam ambaye alikuwa anapanga zamu za watu kama 60. Kichwani nilikuwa namuita Mama Ratiba na mpaka leo namuita hivo. Alikuja Australia msichana mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 80, kwa boti, familia yao ikaishia Footscray, na timu ya mtaa ilikuwa Footscray, akaishika hiyo hiyo. Jina la Western Bulldogs lilikuja baadae, 1996 ukingoni. Ubingwa timu ilikuwa nao mmoja tu, wa 1954. Yani mama wa watu alikuwa ameshabikia miaka thelathini na kitu timu ambayo haijawahi hata kumpeleka fainali. Mi wa Coastal Union nikamuelewa haraka sana.

Sasa ukutani kwake, pembeni ya ratiba ya zamu, kulikuwa na karatasi nyingine. Kila Jumanne klabu zote 18 za ligi zinatoa majeruhi wao, jina la mchezaji, kinachomuuma, na lini anategemewa. Mama Ratiba alikuwa anaiprinti ya Bulldogs, anaibandika, anaisoma na chai yake kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Nilimuuliza kwanini usiangalie msimamo wa ligi kama watu wote. Akaniambia klabu na ghala ni kitu kimoja, swali la Jumanne ni lile lile, nani yupo nani hayupo, wengine wote wanaongea tu.

Akanifundisha kuisoma. Na hapa nitakaa kidogo maana ndo mambo yenyewe.

Listi ina lugha yake. Wakiandika "testi" maana yake mchezaji atajaribiwa mazoezini karibu na Alhamisi, siku timu inatangazwa, anaweza kucheza anaweza asicheze, na mara nyingine klabu inajua kabisa hachezi ila inataka kuwasumbua wapinzani. Wakiandika wiki 1 mpaka 2 kwa msuli wa nyuma ya paja, yeye alikuwa anachukua kalamu anaandika 3. Huo msuli ndo ugonjwa wa taifa wa huu mchezo, watu wanakimbia kilomita nyingi sana kwa mechi moja, mara wanachomoka mbio za ghafla, mara wanainama kuokota mpira wakiwa kasi, msuli unavutwa kama kamba. Kwa kawaida ni wiki tatu au nne, lakini ukiona neno kano limeingia kwenye maelezo jua sio msuli mtupu tena, hapo ni miezi, pengine na kisu juu. Enka ya kawaida haimtishi mtu, ila kuna ile ya juu, pale mifupa miwili ya mguu inaposhikana juu ya kifundo, hiyo ukiiona usimtegemee mtu mwezi na nusu. Goti nalo lina matabaka. Kano ya pembeni ya ndani unaweza kupona bila operesheni. ACL ni mwaka. Na kuna ya nyuma ya goti iliyokuwa inawamaliza wale warefu wanaorukia mpira katikati ya uwanja kwa kugongana magoti, mpaka ligi ikachora duara la pili pale kati, la mita 10, ili wasianze kukimbiliana kutoka mbali.

Neno baya kuliko yote kwenye listi lilikuwa "haijulikani". Mama Ratiba alikuwa akilikuta anakunja mdomo. Anasema wiki 12 ni habari, mtu unapanga, haijulikani ni giza.

Tarehe 10 Aprili, Jumapili, tulicheza na Hawthorn. (Nimesema tulicheza, ona sasa.) Hawthorn walikuwa wamechukua ubingwa mara tatu mfululizo, na sisi tulikuwa tunawaongoza mpaka karibu na mwisho. Dakika za lala salama mpira ukapigwa juu mbele ya goli letu, Bob Murphy, kapteni, miaka 33, akapanda kuugombania, akatua vibaya. Wakafunga, tukapigwa kwa pointi 3. Ila mi sikuona goli, nilikuwa nimemwangalia yeye, maana ile namna goti linavyokubali kwenda pembeni halafu mtu anashika sehemu ile ile kwa mikono miwili, mi nilikuwa naijua kutoka ndani. Nikamwambia mke wangu huyu ni ACL. Akaniambia umekuwa daktari saivi? Kesho yake ikathibitishwa. ACL, na wala haikuwa mara yake ya kwanza, 2006 alishapitia.

Kuanzia hapo nikawa namfuatilia Murphy kama ndugu. Yeye hakukaa kwenye foleni ya serikali, mi bado niko kwenye foleni. Hiyo nilikuja kuielewa polepole, kwamba kwenye listi wote tunaandikwa goti ila sio goti moja. Mwenzangu ana daktari wa klabu, fizio wa klabu (yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo), mpishi, bwawa la kuogelea, na kazi yake ya siku nzima ni kupona. Mi nina fizio dakika 30 kila wiki mbili, baadae mara moja kwa mwezi, afu narudi kwenye nyumba ya ghorofa ya pili haina lifti.

Whitten Oval, uwanja wao wa mazoezi, uko pale pale Footscray, nyumba yetu ilikuwa dakika 15 kwa mguu, kwa magongo 40. Unaingia tu, hakuna anayekuuliza kitu. Nikaanza kwenda asubuhi nikiwa na ofu. Wazima wako katikati wanapigiana mpira na kelele nyingi, na pembeni kabisa karibu na uzio kuna kundi dogo lisilo na kelele. Majeruhi. Wanakimbia taratibu mstari ulionyooka, wanasimama, wanarudi. Wiki inayofuata mstari ule ule, mwendo umeongezeka kidogo tu. Baadae ndo wanaanza kupinda, kona pana kwanza, kisha kona kali. Baadae ndo mpira. Baadae ndo mtu wa kukusukuma. Nilikuwa nakaa kwenye benchi naangalia mtu analipwa hela nyingi anakimbia mstari mmoja nusu saa, nikirudi nyumbani nafanya yale mazoezi ya kijinga ya fizio wangu, kukaza paja na kuachia, kukaza na kuachia, bila kujiona mjinga.

Msimu ule ulikuwa wa majeruhi kweli kweli. Jason Johannisen msuli wa paja ukachanika vibaya akakaa nje wiki nyingi, akarudi katikati ya mwaka na Julai akatufungia goli la ushindi sekunde za mwisho dhidi ya Sydney, kwao. Tarehe 23 Julai, mechi na St Kilda, usiku mmoja tulipoteza wawili: Mitch Wallis alivunjika mguu, mifupa yote miwili, kelele zake zilisikika kwenye tivii, na Jack Redpath akakata ACL, mtu ambaye alikuwa ameshafanyiwa operesheni za goti kabla. Jumanne yake Mama Ratiba hakubandika listi. Aliikunja akaitia kwenye droo. Baadae akaja Macrae na paja, Liberatore na enka, ikafika mahali karatasi ikajaa mpaka chini.

Lakini mwaka huo ligi ilikuwa imeanzisha kitu kipya, wiki moja ya mapumziko kati ya mechi za kawaida na mechi za mtoano. Watu walilalamika, eti inaua moto wa timu. Mama Ratiba alipoisikia tu alichukua kalamu akaanza kuhesabu na vidole, huyu alikuwa wiki 2, huyu testi, huyu wiki 1, akanigeukia akasema tumepewa wiki ya bure. Na ndo ikawa. Macrae akarudi, Liberatore akarudi, timu iliyomaliza nafasi ya 7 ikapanda ndege mpaka Perth ikawapiga West Coast pointi 47, ikawapiga Hawthorn wale wale, ikawapiga GWS (Greater Western Sydney) kwao kwa pointi 6. Katika hiyo ya GWS Clay Smith alifunga magoli 4, na huyo alishapasuliwa goti mara tatu. Mara tatu jamani! Jordan Roughead alipigwa na mpira jichoni damu ikaingia ndani ya jicho, wiki nzima kabla ya fainali hajulikani anacheza au la, akacheza.

Fainali, tarehe 1 Oktoba 2016, uwanja wa MCG umejaa, watu 99,981, tukamfunga Sydney 89 kwa 67. Nilikuwa sebuleni kwa Mama Ratiba na ukoo wake wote, bibi yao wa miaka 80 na kitu alikuwa amevaa skafu ya bluu na nyekundu akiwa amelala usingizi robo tatu ya mechi. Mwisho kocha Luke Beveridge anapewa medali yake, akamuita Murphy jukwaani, akaivua akamvisha. Sebule nzima ilikuwa inalia. Mi nami nililia, ila nitasema ukweli, macho yangu yalikuwa kwenye ngazi. Nilikuwa naangalia anapandaje. Alipanda bila kushika kitu. Nikahesabu, Aprili mpaka Oktoba, hata miezi sita haijatimia. Nikasema moyoni kumbe miezi sita mtu yuko vizuri.

Hilo kosa limenigharimu kuliko goti lenyewe.

Nilipasuliwa Novemba, walichukua kano za nyuma ya paja langu mwenyewe wakatengeneza mpya. Nikafanya mazoezi kama askari kwa miezi mitatu, halafu goti likaacha kuuma, na goti likiacha kuuma binadamu anaacha mazoezi, huo ni ugonjwa wetu sote. Kwetu mtu akiacha kuchechemea amepona, nani atakuuliza zaidi. Mei 2017, miezi sita kamili, kichwani nina picha ya Murphy kwenye ngazi, nikabeba viatu nikaenda kwa Warundi wangu. Dakika kumi na tano za kwanza nilikuwa Messi. Dakika ya kumi na sita nikageuka, goti likafunga kama mlango wenye kutu, halikunji halinyooki. Ile mpya haikukatika, namshukuru Mungu, ila kile kimto cha gegedu kinachokaa kati ya mifupa kilichanika kikajikunja ndani. Operesheni ya pili.

Nilivyorudi kazini na magongo tena hakuna aliyenisema. Mama Ratiba alichukua karatasi ya Bulldogs ya wiki ile, chini kabisa baada ya jina la mwisho akaandika jina langu kwa kalamu nyekundu. Goti. Haijulikani.

Halafu akanikalisha chini akaniuliza swali ambalo nilitakiwa kujiuliza mwenyewe. Murphy alicheza lini? Nikasema Oktoba alikuwa jukwaani. Akasema sijauliza alisimama lini, nimeuliza alicheza lini. Alicheza msimu wa 2017 ulipoanza. Karibu mwaka mzima. Ile ngazi niliyoiona ilikuwa ngazi tu, mtu yeyote mwenye miezi miwili anapanda ngazi. Miezi sita baada ya ngazi ndo ilikuwa kazi yenyewe, na hiyo hakuna anayeirusha kwenye tivii, ipo pale kwenye uzio wa Whitten Oval kwa watu wasio na kelele, na mi nilikuwa nimeiona kwa macho yangu nikaisahau.

Fizio wangu wa mara ya pili alikuwa mkali, dada mmoja mdogo kuliko mi, alikataa kabisa kuniambia tarehe. Nilikuwa namuuliza lini, ananijibu na tepu ya kupimia. Ruka kwa mguu mmoja, anapima. Ruka kwa mwingine, anapima. Mbovu ikifika asilimia 90 ya mzima, na sio kwa kuruka mara moja, mara tatu mfululizo na kutua bila goti kuingia ndani, ndo tuongee. Siku ya kwanza nilipata kama 60. Nilidhani tepu ni mbovu. Akanieleza pia kwamba ukirudi kwenye michezo ya kugeuka geuka kabla ya miezi 9 uwezekano wa kuumia tena unapanda sana, na hiyo ni kwa watu ambao hawasikii maumivu yoyote, maana maumivu yanaisha mapema kuliko udhaifu. Hiyo sentensi ningeipata 2016 ningeokoa mwaka.

Kuanzia hapo hata listi nikawa naisoma tofauti. Zamani nilikuwa naangalia namba ya wiki. Saivi naangalia namba inasogea vipi. Mchezaji aliyeandikwa wiki 4, wiki ijayo 3, ijayo 2, huyo yuko sawa. Aliyeandikwa 4, kisha 3, kisha 3, kisha testi, kisha 2, huyo kuna kitu kimekataa. Na naangalia anaporudi anapitia wapi, akipelekwa kwanza timu ya pili, ile Footscray ya ligi ya chini, nusu mechi, robo tatu ya mechi, najua klabu ina subira. Akitolewa kitandani akaingizwa moja kwa moja kwenye mechi kubwa najua ni msimu wa mtoano na mtu ameamua kubeba maumivu. Dale Morris, beki wetu, alicheza ile fainali ya 2016 na mifupa ya mgongo imepasuka, tulikuja kujua baadae, na ni yeye aliyemkaba Franklin wa Sydney mpira ukatoka ukamfikia Boyd wetu akafunga lile goli la mbali. Watu wanalihadithia kama ushujaa. Ni ushujaa, sikatai. Lakini nilikuwa na mwenzangu ghalani aliyebeba maboksi na mgongo mbovu miezi mitatu kwa kuogopa kupunguziwa zamu, na huyo hakuna aliyemvisha kitu shingoni.

2018 ilinimaliza hamu. Clay Smith akastaafu, miaka 25, mwili umesema basi. Mwaka huo huo mwezi wa nane, Alex Johnson wa Sydney, beki aliyechukua ubingwa 2012 kisha akapotea kwenye operesheni za goti moja karibu miaka sita, alirudi. Nchi nzima ilimshangilia, hata mashabiki wa wapinzani. Mechi iliyofuata, ya pili tu, akakata ACL ya goti la pili. Lile zima. Nilizima tivii nikakaa kimya. Mke wangu alikuwa jikoni, akasema kwa sauti ya chini we na hivo viatu vyako. Kesho yake nikampa mtoto mmoja wa Kirundi viatu. Nilikuwa nimeshafaulu tepu ya fizio, asilimia 90 na ushee, niliruhusiwa kucheza kabisa. Nikaamua goti langu nalihitaji ghalani zaidi ya bustanini. Sasa naendesha baiskeli kando ya mto Maribyrnong na ninaongea na bata.

Sijaacha listi lakini. Mama Ratiba alistaafu, tuna utaratibu wa kutumiana Jumanne, anatuma picha ya karatasi na alama zake za kalamu, bado anaprinti.

Kitu kimoja kilichobadilika nikiwa naangalia ni kichwa. Zamani mtu akigongwa kichwa Jumamosi, Jumamosi ijayo yupo. 2021 wakaweka sheria, angalau siku 12 kabla ya kucheza tena. Na 2023 kukatokea lile la Aliir Aliir wa Port Adelaide. Aliir nampenda kwa sababu ni wa kwetu kidogo, wazazi ni wa Sudan Kusini ila amezaliwa Kakuma, kambini, Turkana kule. Huyu ndo alikuwa Sydney 2016, akaumia goti mechi moja kabla ya fainali, akakosa fainali ile ile tuliyoshinda sisi, nilivyokuja kujua niliona aibu kidogo kwa kushangilia. Basi 2023 mechi na Adelaide aligongana vichwa na mwenzake wa timu yake mwenyewe, akatolewa, akarudishwa uwanjani bila kufanyiwa kile kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo. Klabu ikapigwa faini ya dola 100,000, nusu yake ikiwa imesimamishwa kwa masharti. Mama Ratiba alinitumia meseji moja tu, goti unaliona likivimba.

Mwaka juzi binti yangu, miaka 11, anacheza timu ya wasichana ya mtaa (ndio, futi, usiniulize), aliangukiwa na mwenzake akagonga kichwa chini. Akainuka anacheka. Dakika tano baadae ananiuliza tumeshinda ngapi, nikamjibu, dakika mbili mbele ananiuliza tena. Mzazi mmoja pembeni ananiambia ah huyo mzima, ona anavyocheka. Nikamtoa. Kwa mpira wa mitaani huku sheria ni siku 21 angalau, na daktari aseme ndio. Alinuna huyo mtoto! Alikuwa akose mechi tatu na moja ni ya mahasimu wao. Mama kutoka Tanga kwenye simu anasema mpakeni mafuta mwacheni akacheze, watoto hawavunjiki. Nikamwambia mama, hii hapana.

Nikachukua karatasi nikaibandika kwenye friji, jina lake, kichwa, wiki 3. Kila Jumanne anafuta mwenyewe anaandika upya. Wiki 2. Wiki 1. Jumanne ya mwisho nilitoka kazini nikakuta amefuta namba, ameandika kwa kalamu ya rangi, herufi kubwa, TESTI, na chini yake saa ya miadi ya daktari, na ameniachia funguo za gari juu ya meza.